Kabla Hujamuuzia Mteja "Taiga": Namna ya Kumtambua Kibebe, na Anachokula Mfukoni Mwako Ukimweka Kwenye Tangi

Wiki hii ufuta na nyanya tunaviweka pembeni kidogo. Naandika kuhusu samaki mmoja aliyenitia aibu mbele ya mkulima wangu hapa Mkange, na kwa kuwa aibu ilimgharimu hela yeye kuliko mimi, naona ni haki niieleze yote.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua za masika zimekolea, kijana mmoja alinitumia picha kwenye simu. Analima ufuta, ana nyanya bondeni upande wa Wami, na ana mabwawa mawili ya sato. Akaandika: "Bwana shamba, habari za kazi. Hawa ndio taiga wa Afrika? Kuna mtu Bagamoyo anawataka." Mtu mwenyewe alikuwa na nyumba ya wageni, anataka tangi la kioo pale mapokezi, ndani yake samaki wa kutisha wageni wapige picha. Samaki sita, laki moja kila mmoja, na nusu ya hela ameshatanguliza. Laki tatu taslimu, kabla samaki hajafika.

Nikaitazama picha. Samaki wadogo, weupe wa kung'aa, mapezi yana wekundu. Nikajibu: "Ndiyo, hao ni kibebe wadogo, walishe vizuri." Sekunde kumi hazikufika. Diploma yangu ni ya kilimo, ndugu zangu. Ufugaji wa samaki tulisoma semista moja, na tulisoma sato na kambale. Lakini mkulima akishakuita bwana shamba unaona vibaya kumwambia subiri kwanza nikaulize.

Kijana akajenga tangi la zege, akanunua pampu kwa ile hela ya mteja, akawa analisha samaki wake kumi na moja dagaa asubuhi na jioni. Mwezi wa tano wakakua kidogo. Wa sita wakasimama. Wa nane mteja akaja mwenyewe Mkange na vumbi lake lote, akainama kwenye tangi, akauliza swali moja tu: "Meno yako wapi?"

Meno hayakuwepo. Tulimtoa mmoja, tukamfungua mdomo, ndani kuna vimeno vidogo kama punje za chumvi. Kwenye shina la mkia kuna doa jeusi ambalo hata kwenye ile picha yangu ya mwezi wa nne lilikuwepo, mimi sikulitazama. Rafiki yangu aliyesomea samaki kule Mbegani nilipomtumia picha alijibu kwa maneno mawili: "Brycinus. Kitoweo." Ni ndugu mdogo wa kibebe, wa ukoo mmoja, yuko kwenye mito mingi ya huku kwetu, na kwa kawaida akifika sentimita ishirini hivi amemaliza. Miezi minne kijana alikuwa analisha samaki aliyekwisha kukua.

Laki tatu ilibidi zirudi. Nilichangia nusu, mke wangu mpaka leo hajafurahi. Baada ya hapo nikakaa chini nikasoma, na ninachokiandika hapa ndicho nilichopaswa kukijua siku ile.

Huyu samaki ni nani hasa

Tuanze na jina, maana jina ndilo linaloleta vurugu. Ukienda kwenye maduka ya samaki wa mapambo Dar ukaomba "taiga" unaweza kupewa oskar mwenye madoa ya chungwa ambaye asili yake ni Amerika Kusini, au samaki mdogo mwenye mistari wa kutoka Asia ambaye haumi hata nzi. Wote wanaitwa taiga. Wetu ni mwingine kabisa. Wataalamu wanamwita Hydrocynus, maana yake mbwa wa maji, na ukimwona anavyofungua mdomo huwezi kubishana na aliyempa jina hilo. Kigoma wanamwita kibebe. Nimeliazima jina la Kigoma kwenye makala hii kwa sababu ni fupi na halichanganyi.

Aina zinazotambulika kwa uhakika ni tano. Mkubwa kuliko wote ni Hydrocynus goliath wa bonde la Kongo na Ziwa Tanganyika, Wakongo wanamwita mbenga, anafika zaidi ya mita moja na uzito wa kilo hamsini. Huyu ndiye aliyewatia watu wazimu baada ya Jeremy Wade kumvua Kongo na kuonyeshwa kwenye kipindi cha River Monsters mwaka 2010. Wateja wengi wanaosema wanataka taiga wanamaanisha huyu, hata kama jina hawalijui. Usimwahidi mtu. Kwenye mito ya pwani hayupo.

Wa pili ni Hydrocynus vittatus, ndiye aliyeenea zaidi: Zambezi, Kongo, Ziwa Tanganyika, mpaka kusini Afrika Kusini. Kariba mwaka 2001 alivuliwa mmoja wa kilo 16.1, ukitaka kujua wanafika wapi. Wa tatu na wa nne, forskahlii na brevis, ni wa kaskazini na magharibi. Forskahlii utamkuta Mto Nile na Ziwa Turkana. Ziwa Victoria hayupo yeyote, Ziwa Nyasa vilevile. Kwa hiyo mtu akikuambia ana kibebe wa Mwanza, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wa tano ndiye wa kwetu. Anaitwa Hydrocynus tanzaniae, aliandikwa rasmi kama aina ya peke yake mwaka 1986, na makazi yake ni mifumo ya Rufiji na Ruvu. Kwingine duniani hakuna. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Watu wa Dar wanakunywa maji ya Ruvu kila siku, mitambo iko Mlandizi na huku Bagamoyo, na wengi hawajui kwamba kwenye mto huohuo anaishi samaki mwenye jina la nchi yetu.

Hesabu ya tano nayo usiishike kama msahafu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuna koo nyingine zimejificha ndani ya hizi tunazoziona ni moja. Kwa mkulima maana yake ni hii: mto aliotoka samaki ni sehemu ya utambulisho wake. Asiyekuambia mto, hajakuambia samaki.

Mtazame hivi

Anza na mdomo umefungwa. Kibebe hata akifunga mdomo meno yanaonekana nje, makubwa, ya ncha moja kama msumari, yamepishana ya juu na ya chini kama zipu. Hilo ndilo jambo la kwanza na lingetosha kuniokoa mwaka jana. Kwa samaki wa urefu wa kidole usitegemee macho, piga picha kwa karibu kisha uikuze kwenye simu. Ukiona vimeno vidogo vyenye ncha nyingi, vimejificha ndani, huyo ni Brycinus au ndugu yake mwingine, mpeleke jikoni.

Kuna tahadhari moja. Kibebe hubadilisha meno yake kwa mkupuo, yanang'oka na mapya yanaota ndani ya siku chache. Unaweza kumkamata katikati ya zamu akawa kibogoyo. Ndiyo maana hutazami meno peke yake. Tazama jicho: lina utando wa mafuta unaolifunika mbele na nyuma, katikati inabaki nafasi ya wima, kama paka mchana. Tazama kichwa: kikavu, kimejaa mfupa, shavu halina nyama. Mwili mrefu, umechongwa kama mtumbwi. Na tazama shina la mkia. Doa kubwa jeusi la duara pale kwenye shina, kwa huku kwetu, ni dalili ya Brycinus.

Ukishajua ni kibebe ndipo uulize ni yupi. Hapo tunageukia lile pezi dogo lililo nyuma ya pezi la mgongoni, karibu na mkia, laini kama kipande cha ngozi. Kwa vittatus pezi hilo ni jeusi au lina ncha nyeusi, mistari myeusi imepita ubavuni kwa urefu, na mkia una rangi ya chungwa au wekundu wenye ukingo mweusi. Tanzaniae yeye ana ubuluu wa kijivu, hasa kwenye mkia, ndiyo maana wavuvi wa kizungu wanamwita taiga wa buluu. Forskahlii pezi lake dogo ni la kijivu, weusi hakuna.

Sasa basi, rangi inadanganya. Samaki akitolewa majini rangi hufifia dakika hiyohiyo. Akiwa na hofu hupauka. Mistari kwa wadogo huwa hafifu. Picha ya jioni chini ya taa ya njano haina maana yoyote. Mpige picha ndani ya maji, ndani ya chombo cheupe, mchana, ubavu mzima uonekane mapezi yakiwa wazi. Andika mto, andika tarehe. Siku hizi mkulima akinitumia picha ya samaki bila hayo matatu namrudishia, na asinione nina maringo.

Kama unataka jicho la pili, wapo walimu wa chuo cha uvuvi FETA pale Mbegani, na TAFIRI Kunduchi. Kutoka Mkange siyo mbali kiasi cha kushindwa kuuliza.

Maji mengi, samaki mmoja

Yule mteja tangi lake lilikuwa la urefu wa sentimita 120, upana 45, kina 50. Ukizidisha unapata lita 270. Kwa macho ya mtu wa mapokezi ni tangi kubwa, limegharimu. Kwa kibebe ni beseni la kunawia. Samaki huyu ni mkimbiaji wa maji ya mto. Anaishi kwa kwenda, kugeuka na kushambulia. Upana wa sentimita 45 akishafika urefu wa mkono hawezi hata kugeuka. Atajigonga, atachubuka pua, kidonda kitaota ukungu, na ndani ya wiki chache unafukia laki yako.

Kiwango changu cha chini, baada ya kusoma na kuona, ni tangi la zege au la kioo kinene lenye urefu wa mita 3, upana mita 1.2, kina sentimita 80. Hiyo ni lita 2,880, yaani karibu tani tatu za maji. Weka wazo la ghorofani pembeni, na sebule yenye sakafu ya mchanga uliomwagiwa saruji nyembamba pia. Mwekee juu mfuniko wa wavu mzito, uliofungwa. Hawa ni warukaji kwelikweli. Mwaka 2009 kule Afrika Kusini, kwenye bwawa la Schroda ndani ya hifadhi ya Mapungubwe, watafiti waliwarekodi vittatus wakiruka na kuwadaka mbayuwayu waliokuwa wanapita hewani. Mfuniko wa kanga uliowekewa matofali pembeni hautamzuia.

Kitu kinachowaua zaidi ni hewa. Kibebe anatumia oksijeni nyingi na hana uvumilivu wa kambale. Umeme ukikatika usiku, sato wako wanaweza kufika asubuhi wanahema juu ya maji. Kibebe mkubwa hafiki. Ukiwa hapa Mkange na huna pampu ya betri au sola ya kushikilia pampu usiku mzima, nakushauri usianze kabisa. Na simaanishi utanunua baadaye.

Tangi jipya liache lizunguke maji wiki nne mpaka sita kabla ya samaki, ili wadudu wazuri wa kwenye chujio waote, wale wanaogeuza amonia kuwa kitu kisichoua. Weka sato wawili watatu wadogo waanzishe kazi hiyo. Pampu ya chujio iwe na nguvu ya kuzungusha maji yote mara nne mpaka sita kwa saa. Joto la nyuzi 24 hadi 28, ambalo kwa pwani tunalipata bure. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye simtanki na hewa inapiga kwa saa 24 kwanza. Kila wiki utabadilisha karibu theluthi moja. Kwa lita 2,880, asilimia 30 ni lita 864, sawa na ndoo kubwa 43. Kama maji unanunua kwa mwenye boza, chukua kalamu upige hesabu ya mwezi kabla hujaendelea kusoma.

Chakula, watu wanadhani ndiyo gharama kubwa. Siyo. Kibebe wa kilo mbili ukimpa asilimia mbili ya uzito wake anakula gramu 40 kwa siku, kilo moja na robo hivi kwa mwezi. Tatizo ni chakula gani. Dagaa wabichi wa baharini kila siku wana kitu kinachovunja vitamini B1, baada ya muda samaki anaanza kuogelea kama mlevi na wewe unadhani ni maji. Mpe zaidi vipande vya sato visivyo na miiba mikubwa, kamba mara mojamoja. Ukiwa na bwawa, wale sato uliowatoa kwa kudumaa ndio chakula chake. Kumpa samaki hai kunafurahisha wageni, lakini unamwingizia minyoo na magonjwa, na anazoea kutogusa kilichokufa. Wa porini mwanzoni atagoma. Mfungie kipande kwenye uzi, kitikise kwenye mkondo wa pampu, atakuja. Na mkono wako usiingie majini. Tumia koleo. Nina sababu ya kusema hivyo na iko kwenye kidole cha yule kijana.

Kuchanganya na samaki wengine, jibu langu ni hapana. Anayeingia mdomoni ataliwa, asiyeingia atakatwa mkia. Hata wenyewe kwa wenyewe, mkubwa na mdogo hawakai.

Wapi pa kumpata, na karatasi

Kituo kinachouza vifaranga vya kibebe mimi sijakiona. Huzaliana mtoni mafuriko yakija, siyo kwenye bwawa lako. Maana yake kila kibebe utakayemweka kwenye tangi ametolewa mtoni, na tanzaniae mito yake ni michache. Ndiyo maana siwashauri muifanye biashara ya kuvua kwa wingi. Kama ni hela, wenzetu wa Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, wanapokea wageni wanaolipa fedha za kigeni kuja kumvua kibebe kwa ndoano, kupiga naye picha, na kumrudisha majini akiwa hai. Samaki mmoja anauzwa mara nyingi. Hapo ndipo biashara ilipo, sema siyo sisi tulioiona kwanza.

Ukitaka mmoja, anza ofisi ya uvuvi ya wilaya. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009 ndizo zinazosimamia leseni za kuvua na kufanya biashara ya samaki. Mimi afisa wa kata sina mamlaka ya kukupa ruhusa hiyo hata ukinipigia usiku. Ndani ya Hifadhi ya Saadani usitie hata ndoano. Kwa mvuvi, uliza leseni yake bila aibu, na usimpokee samaki wa kokoro. Mbali na sheria, hao wanafika wamekwanguka magamba na hawaponi.

Safarini, samaki asile siku moja kabla. Mfuko wa nailoni usitumie kwa aliyezidi kidole, atautoboa. Tumia ndoo yenye mfuniko, maji theluthi mbili, pampu ya betri, safari ya usiku. Akifika, mweke peke yake wiki mbili, gramu moja mpaka mbili za chumvi ya mawe kwa lita, umwangalie ngozi na mashavu.

Mara ya pili

Mwezi wa kumi mwaka jana tulikwenda pamoja, kijana na mimi, kwa mzee mmoja anayevua Ruvu karibu na daraja la barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Safari hii karatasi ziko mfukoni. Tulipomsalimia shikamoo na kueleza shida yetu alicheka: "Marahaba. Huyo samaki mnamtaka wa nini? Ana miiba tupu, na nyavu zangu anazimaliza." Wiki iliyofuata alituita. Watatu, urefu wa sentimita kumi na tano hivi, meno nje, doa kwenye mkia hakuna, mapezi yana ule ubuluu wa kijivu. Niliwapiga picha kwenye beseni jeupe saa nne asubuhi, nikaituma Mbegani, nikasubiri jibu siku mbili nzima kabla sijafungua mdomo.

Mmoja alikufa kwenye kivuko cha matope kabla ya Mkange, betri ya pampu ilizima na hatukuisikia kwa sababu ya pikipiki. Wa pili alikatwa mkia na mwenzake mwezi wa kwanza, tukiwa tumeshaonywa na tumepuuza. Amebaki mmoja. Jumapili iliyopita tulimpima kwa kuweka rula nje ya dirisha la kioo: sentimita 29.

Yule mteja wa Bagamoyo alirudi. Amesahau hasira, amemwona, ametaja laki tatu na nusu kwa samaki mmoja. Tangi lake bado ni lile la lita 270. Kijana akanitazama mimi. Nilimwambia ukimuuza leo, kabla ya Krismasi atakupigia simu kwamba amekufa, na safari hii samaki alikuwa wa kweli. Mteja akasema basi atajenga kubwa. Tukampa vipimo, mita 3 kwa 1.2 kwa sentimita 80, na bei ya sola kando. Amenyamaza wiki ya tatu sasa.

Kuna aliyeshauri amwachie tu Mto Wami, si uko hapo chini. Hapana, na hili nimemkataza kwa sauti. Samaki wa Ruvu haumwagi Wami, na aliyekaa miezi kumi na sato wa bwawani humrudishi hata Ruvu kwenyewe, hujui amebeba ugonjwa gani. Ukimtoa mtoni umeshamtoa, ni wa kwako mpaka afe, na anaweza kuishi miaka mingi.

Kwa hiyo amekaa pale nyuma ya banda la kuku, kwenye tani tatu za maji. Maji hayo, ukiyapigia hewa vizuri na kuweka kilo kumi za samaki kwa kila mita ya ujazo, yangebeba sato 96 wa gramu mia tatu. Kijana anajua hesabu hiyo, nilimwandikia mwenyewe kwenye ukuta wa tangi kwa chaki. Hajaifuta, na samaki hajamtoa. Jioni watoto wa shule wanapita kumwangalia anavyolishwa, kila mmoja anashika koleo kwa zamu.